Jani la Kona ya Sita

"Barabara hii," alisema Debe, mguu mmoja juu ya rundo la matairi na kikombe cha chai mkononi, "mimi nifungeni kitambaa machoni, nizungusheni mara tatu kama pia, halafu nipeni usukani. Kona zote kumi na mbili nitazipita, na nitarudi hapa chai yangu haijapoa."

Kimya, fundi wa matairi, hakuinua kichwa. Alikuwa amepiga magoti akipima upepo wa gurudumu, sikio karibu na geji kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa.

"Chai hiyo?" aliuliza.

"Hii hii."

"Hiyo imepoa tangu ulipoanza kuongea."

Karakana nzima ikacheka. Debe naye akacheka, maana alikuwa na sifa moja nzuri: ukimcheka, anakuja kukusaidia. Jina lake mwenyewe alilivaa kama medali. Wageni aliwaambia ni kifupi cha Dereva Bora, herufi zikubali zisikubali. Waliomfahamu walijua ni debe lile lile la methali, lisilo na kitu ndani na lisiloacha kuvuma.

Tuseme haki, lakini. Siku hiyo alikuwa na sababu ya kuvuma.

Kazi yake ilikuwa kuendesha gari la kufagia katika klabu ya mbio za magari. Klabu yenyewe ilikuwa ya wanachama tu. Pale getini, hata nzi asiye na kadi aliulizwa anamtafuta nani. Ndani kulikuwa na barabara mbili za mbio: Fupi, ya wanaojifunza, na Ndefu, yenye kona kumi na mbili, mlima mmoja na mteremko unaoacha utumbo nyuma. Wanachama walikuwa watu wa heshima zao. Daktari wa meno. Wakili. Mwenye kiwanda cha magodoro. Jumatatu hadi Ijumaa walisimama kwenye taa nyekundu kama watoto wazuri. Jumamosi walijibana ndani ya ovaroli za kubana mpaka wakafanana na soseji, wakaingia Ndefu, wakaachia miguu.

Kabla hawajaachia miguu, Debe alikuwa ameshapita na fagio. Alikusanya mchanga, kokoto, vipande vya mpira, na maji ya mvua aliyasukuma pembeni. Mizunguko miwili kila asubuhi kwa miaka mitatu. Alikuwa akiihesabu: elfu moja na mia nane. Yote kwa mwendo ambao kobe mwenye afya angeweza kuusalimia na kuupita.

Sasa dereva wa gari la kuongoza alikuwa amestaafu, macho yake yamechoka. Gari la kuongoza ni lile jeupe lenye taa za manjano juu ya paa. Mvua ikizidi au gari likipinduka, lile jeupe huingia mbele, taa zinamwekamweka, na wanachama wote, na magodoro yao na mawakili wao, hujipanga nyuma yake kama vifaranga. Hakuna kulipita. Debe alikuwa ameota jambo hilo usiku na mchana: daktari wa meno nyuma yake, akisubiri ruhusa.

Wafanyakazi watano waliomba nafasi hiyo. Watatu walianguka kwenye mtihani wa kuandika, ule wa maana za bendera. Wakabaki wawili: Debe na Kimya. Jumamosi hiyo mchana, wanachama wakiwa wanapumzika, kila mmoja angepewa gari jeupe kwa mizunguko miwili. Wa kwanza wa kupasha moto matairi, haupimwi. Wa pili unapimwa kwa saa. Mwenye muda mfupi anachukua funguo. Basi.

Na palikuwa na jambo jingine. Anayepewa funguo hizo, siku hiyo hiyo ana haki ya kumchukua ndugu yake mmoja na kumzungusha Ndefu, taa zikiwaka. Debe alishaahidi kiti hicho tangu mwezi uliopita. Alimwahidi shangazi yake.

Shangazi ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka tisa, na ndiye aliyempatia kazi hapo. Alikuwa mkata majani wa klabu. Kwa miaka kumi na tisa alikaa juu ya mashine yake ya kukatia, viziba masikio vikubwa vyekundu kichwani, akinyoa pembezoni mwa barabara hizo zote. Pembezoni tu. Mashine yake ilikatazwa kukanyaga lami, isije ikaangusha majani yakawatelezesha wenye haraka. Miaka kumi na tisa, na katikati ya barabara hajawahi kupita.

"Shangazi," Debe alikuwa amemwambia mezani, nyumbani kwao, akizungusha kijiko hewani kana kwamba ni usukani, "utakaa mbele kama malkia. Utapunga mkono hivi."

"Kula kwanza," alisema shangazi. Lakini asubuhi ya Jumamosi alitoka na kitambaa kipya cha kichwani, kile cha harusi, na aliposema kwamba hakikuwa na sababu yoyote, alikuwa akikirekebisha kwa mara ya nne.

* * *

Saa sita na nusu, Mama Bendera alipuliza filimbi. Huyu ndiye aliyekuwa mkuu wa barabara: mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Aliwaita Debe na Kimya mbele ya ubao mweusi, wanachama wakasogea na sahani zao kusikiliza. Akachora Ndefu kwa chaki, kona zote, kisha akachora mshale.

Debe akautazama mshale. Akainamisha kichwa kushoto. Akakiinamisha kulia.

"Mama," alisema, "mshale umekosea njia."

"Mshale haujakosea. Leo ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunazunguka kinyume."

"Kinyume cha nini?"

"Cha ulivyozoea wewe."

Hapo ndipo chai ya Debe ilipopoa kabisa, hata ile iliyokwisha kuingia tumboni. Jumamosi za mwisho wa mwezi zilikuwa zamu yake ya kupumzika. Akishafagia alfajiri, anaondoka kwenda kulala. Na fagio la gari lake liko upande wa kulia, halihamishiki, kwa hiyo kufagia ni upande mmoja tu wa kuzunguka, kutoka kona ya kwanza kwenda ya kumi na mbili. Ile mizunguko elfu moja na mia nane yote ilielekea huko. Kinyume hajapita hata mara moja, hata kwa baiskeli.

Alimtupia jicho Kimya. Kimya alikuwa akichunguza kucha zake. Ndipo Debe akakumbuka: wiki mbili nzima, kila jioni, Kimya alikuwa akiizunguka Ndefu kwa miguu, peke yake, kutoka kona ya kumi na mbili kurudi ya kwanza. Debe alikuwa akipita na kumpigia honi. "Dada, umepoteza pete?" alimuuliza siku moja. Kimya alijibu, "Bado natafuta." Debe alicheka mpaka akakohoa.

"Na kuhusu majani," aliendelea Mama Bendera, na pale hata waliokuwa wakitafuna wakaacha. "Mnaijua sheria."

Waliijua. Ukutani, ndani ya nyumba ya klabu, kulikuwa na ubao mkubwa uliojaa majani makavu yaliyobanikwa na jua la dirishani, kila moja na pini yake na karatasi yake. Anayetoka nje ya barabara, awe mwanachama au mfanyakazi, hushuka pale pale alipokwama, huchuma jani, hulileta na kulibandika kwa mkono wake mwenyewe, akaandika tarehe na kona. Daktari wa meno alikuwa na majani kumi na moja. Rafiki zake walimwita Mbuzi, na aliitika. Hakuna aliyeona haya. Ila tajiri mmoja aliwahi kutoka nje akaficha jani, na Jumamosi iliyofuata kadi yake haikufungua geti. Wala haijafungua mpaka leo.

"Kutoka nje si kosa," alisema Mama Bendera. "Leo mkitoka kwenye mzunguko wa kupasha moto, sikati kitu. Lakini gari la kuongoza ndilo macho yangu. Mvua ikinyesha, namuuliza dereva wake, barabara ikoje? Nikipewa jibu la uongo, nimewaingiza watu kwenye ukuta. Kwa hiyo jani lako ulete. Asiyeleta, hata akiwa na muda wa malaika, funguo zangu hazishiki."

"Sisi wengine," alisema Debe, kifua mbele, "hatuna habari na majani. Majani ni ya shangazi yangu."

Watu wakacheka, na manyunyu yakaanza kudondoka.

* * *

Kimya alitangulia. Aliondoka bila kelele, kama mtu anayetoka msibani. Alipomaliza mzunguko wa kupasha moto, gari lilikuwa na tope ubavuni. Akasimama mbele ya nyumba ya klabu, akashuka, akaingia na bua la majani mkononi, akalibandika: *kona ya kumi*. Daktari wa meno akampigia makofi. "Karibu zizini!" alimwambia. Kimya akatabasamu kidogo, akarudi garini, akazunguka mzunguko wake wa saa.

"Dakika tatu na sekunde nne," ilitangaza redio.

Si mbaya. Kwenye unyevu ule, si mbaya hata kidogo. Debe alihisi kofia ngumu ikimbana kuliko kichwa chake kilivyostahili.

Shangazi akaja, viziba masikio vikining'inia shingoni, akamkaza mkanda wa kofia chini ya kidevu kama alivyokuwa akimfunga vifungo vya shati la shule.

"Mwanangu, mimi siwezi kutazama," alisema. "Roho yangu ndogo. Nakwenda huko mbali, mahali ambapo hakuna watu, nifumbe macho yangu kwa raha."

"Utanisikia tu nikipita, shangazi."

"Na masikio nitaziba." Akavigonga viziba masikio. "Mwendo wa kufagia unaujua. Huu mwingine mwachie Mungu, na wewe umsaidie kwa breki."

Akaondoka kwa miguu kwenye manyunyu, kitambaa cha harusi kichwani, akipandisha kilima.

Debe akaingia, akafunga mikanda, akatia gia. Bendera ya kijani ikaanguka.

Mama yangu! Gari la kufagia lilikuwa linanung'unika, hili lilinguruma. Alikanyaga kidogo tu na kiti kikampiga mgongoni kama rafiki asiyejua nguvu zake. Kona ya kumi na mbili ikamjia usoni. Barabara aliyoifagia miaka mitatu ilikuwa imegeuka kama shati lililovaliwa ndani-nje: mishono yote ipo, hakuna hata mmoja unaoujua. Mteremko umekuwa mlima. Kona iliyokuwa ikifunguka sasa ilijifunga. Lakini aliipita. Ya kumi na moja akaipita. Ya kumi, hapo alipojikwaa Kimya, akaipita akiwa anaimba. Ya tisa, ya nane, na pale kwenye ya saba matairi yakalia kwa raha na Debe akalia nayo, "Iyeee!" Moyo ulikuwa unadunda mpaka kwenye vidole. Aliona kila kitu: daktari wa meno nyuma yake, shangazi ubavuni, taa zinawaka.

Sasa, kuhusu kona ya sita.

Kona ya sita imejificha nyuma ya kilima. Miaka yote Debe alikuwa na alama yake pale: kibanda chekundu cha mtu wa bendera. Ukikiona kibanda, unapunguza mwendo, unakata kona. Kichwa chake kikamwambia, subiri kibanda. Akapanda kilima, akasubiri kibanda. Akafika kileleni, mguu bado juu ya mafuta, macho yanatafuta kibanda. Na kibanda hakikuwepo, kwa sababu unapokuja kinyume, kibanda kiko *baada* ya kona. Alikiona vizuri sana baadaye kidogo, kikipita mbele ya kioo kutoka kulia kwenda kushoto. Halafu kikapita tena.

Alikuwa anazunguka kama pia. Alizunguka mara tatu, kama alivyojitakia mwenyewe asubuhi, na nusu ya nyongeza; kitambaa tu ndicho kilichokosekana. Majani yakachapa vioo, tope likaruka, na gari likasimama katikati ya nyasi, pua ikitazama alikotoka. Kwa mara ya kwanza tangu bendera ianguke, barabara ilikuwa upande anaoujua.

Vifuta-mvua tu, shwa, shwa.

Debe akatazama kibanda. Kitupu. Kwa kuwa gari lilikuwa moja tu barabarani, watu wa bendera walipunguzwa, na kona ya sita haikupewa mtu. Akatazama kulia. Kilima. Akatazama kushoto. Rundo la matairi ya kuzuia magari, turubai juu yake. Hakuna kiumbe.

"Debe," redio ilikwaruza. Alikuwa Mama Bendera. "Kona ya tano wanasema hawajakuona. Kuna nini?"

Kidole chake kilikuwa kwenye kitufe. Ukweli ulikuwa kwenye ulimi. Sijui ulipita wapi.

"Hakuna kitu, mama. Napasha matairi taratibu. Sitaki kuyastua."

"Sawa. Endelea."

Majani yalikuwa yamefika mpaka kwenye mlango. Angeshusha kioo tu na kuchuma bila hata kufungua mkanda. Aliyatazama. Aliwaza karakana nzima na lile neno lake la asubuhi. Aliwaza Kimya akisema neno moja tu, lolote, taratibu. *Nitachuma nikimaliza*, alijiambia. *Nitarudi kwa miguu. Ni jani tu.* Akageuza gari, akajikongoja hadi kwenye lami, akaondoka. Na mvua, kana kwamba imehongwa, ikazidi, ikaosha tope lote ubavuni kabla hajafika kona ya kwanza.

* * *

Alipovuka mstari, saa ikaanza, na mbingu zikafunguka.

Hapa lazima tumvulie kofia. Mvua ile ingemfanya mtu mwenye busara aende polepole, na Debe hakuwahi kushtakiwa kwa busara. Lakini alipoingia kona ya kumi na mbili, akaona dimbwi, na dimbwi lile alilifahamu. Alikuwa amelisukuma kwa fagio asubuhi zote za mvua kwa miaka mitatu. Upande wa ndani, urefu wa mkeka, linaanza pale lami ilipozibwa kiraka. Na la kumi na moja je? Lilikuwapo, upande wa nje. La tisa, lile pacha? Yote mawili, mahali pake!

Akapiga usukani kofi. "Maji hayana kinyume!" alipiga kelele. "Maji yanakaa yanapokaa!"

Akaacha kuzitafuta alama zake za zamani. Akawa anaendesha kati ya madimbwi kama mtu anayevuka sebule ya nyumbani kwao gizani: hapa stuli, hapa meza, hapa viatu vya shangazi. Pale ambapo mtu mwingine angekwepa kila kinachong'aa, yeye alijua kipi ni maji ya kina na kipi ni lami iliyolowa tu. Alipita ndani ya dimbwi la nane kwa sababu alijua kina chake hakifiki kifundo cha mguu. Maji yakaruka pande zote mbili kama mabawa. Kwenye jukwaa wanachama walisimama, sahani zikaanguka. Kona ya saba, safi. Kilima. Safari hii alipunguza mwendo kabla ya kilele, akaingia ya sita kwa adabu, akapita pembeni ya mifereji miwili mirefu iliyochimbwa kwenye majani na matairi yake mwenyewe, imejaa maji, asiitazame. Ya tano! Ya nne, ya tatu, mkia wa gari ukachezacheza na akaurudisha kwa vidole! Ya pili! Mteremko ule uliogeuka mlima, gia chini, mguu chini, meno nje, kona ya kwanza, mstari!

"Dakika tatu," redio ilisema, ikasita, "na sekunde moja."

Kelele zilizopigwa zilimfikia ndani ya kofia.

* * *

Ndani ya nyumba ya klabu walimbeba. Daktari wa meno alimkumbatia bila kujali tope wala heshima. Kimya alimpa mkono. "Umeendesha," alisema, na kwa Kimya hiyo ilikuwa hotuba.

Mama Bendera akanyamazisha watu kwa kuinua mkono. Mkono mwingine ulikuwa na funguo. Akamtazama Debe usoni, kama desturi ya klabu inavyotaka, akauliza mbele ya watu wote:

"Una jani?"

Nyuma yake, ubaoni, bua la Kimya lilikuwa bado linadondosha maji.

Debe alikuwa na nafasi nzuri kabisa. Angesema, akarudi kulichuma, na muda wake ungebaki ule ule. Wangemcheka dakika mbili, wangemwita mtoto wa Mbuzi, kisha wangempa funguo. Alijua hivyo. Akafungua kinywa kusema hivyo, na kinywa, kwa mazoea ya miaka mingi, kikasema kingine.

"Sina, mama. Hata gurudumu moja halikugusa majani."

Funguo zikadondoka kiganjani mwake. Zilikuwa na joto la mfuko wa Mama Bendera.

Na kwa kuwa uongo ukishakalia kiti huagiza chakula, Debe akapanda juu ya kiti.

"Mnataka kujua kona ya sita?" aliwauliza. "Niwaambie kona ya sita!"

"Tuambie!" walisema.

"Wengine wakifika pale kilimani wanaomba dua. Mimi? Mimi nilifika pale, nikasema, kona, hujambo. Ikasema, sijambo, Debe, pita. Nikaishika kwa kidole kimoja. Hiki!" Akakiinua. "Kingine nilikuwa nakuna sikio."

"Ukiwa na kofia ngumu?" aliuliza Kimya.

"Nilikuna kofia!"

Vicheko. "Na kule kuchelewa je, mzunguko wa kwanza?" aliuliza daktari wa meno.

"Daktari, ukimwona mchumba mara ya kwanza, utakimbia? Nilisimama kidogo nikaitazama. Nikaitazama kona, kona ikanitazama. Barabara yenyewe ilishuhudia, maana hapakuwa na mtu mwingine." Akazitikisa funguo hewani zikalia. "Sasa jamani, shangazi yangu yuko wapi? Niitieni shangazi yangu! Leo anapita katikati!"

Mlango ukafunguka.

Shangazi alikuwa amelowa kutoka kitambaa cha harusi hadi kwenye viatu. Tope lilikuwa limefika magotini. Alikuwa anahema kama mtu aliyekimbia safari yote kutoka upande wa pili wa Ndefu, na kweli alikuwa amekimbia. Viziba masikio vyake havikuwa kichwani. Alivishika kifuani kwa mikono miwili, vimefumbana kama chaza, ili kitu kilichomo ndani kisilowe.

"Nimechelewa?" aliuliza. "Wamekwisha kukuuliza?"

"Shangazi," alisema Debe kutoka juu ya kiti.

"Nilikuwa chini ya lile turubai, kwenye matairi. Nikajisemea, hapa hapana mtu, hapa nitafumba macho yangu. Nikasikia kishindo, nikafumbua, nikakuona unazunguka, baba yangu, unazunguka! Nikasema amekufa. Halafu nikakuona umesimama, mzima, unaangalia huku na huku, halafu huyo, umeondoka." Alikuwa anavuka chumba, watu wakimpisha, nyayo za tope zikimfuata. "Nikasema, mtoto huyu na haraka zake, lazima amesahau. Wasije wakamnyima kazi bure kwa jambo dogo. Nikakuchumia."

Akavifumbua viziba masikio. Ndani, kwenye sponji, kulikuwa na bua refu la majani, bichi, limekatika shina, na alama ya tairi imelipita katikati.

Hakuna aliyecheka. Hata daktari wa meno. Kimya, ambaye alikuwa karibu na ubao, alichukua kopo la pini, akalisogeza ukingoni mwa meza.

Mama Bendera alinyoosha mkono tu, kiganja juu.

Debe akashuka kwenye kiti, mguu mmoja, kisha mwingine. Ulikuwa mwendo wa kufagia kabisa. Funguo zililia mara moja zilipotua kwenye kiganja kile, na shangazi akamtazama yeye, akautazama ule mkono, akawatazama watu, kisha akalitazama lile bua lake.

"Mbona mmenyamaza?" aliuliza. "Mnafikiri nimekosea? Hili ni la kona ya sita. Majani ya humu nayajua, hata mkinifunga kitambaa machoni."